Charles Kettering: mtu aliyeleta demareri, na esansi yenye sumu

Kila asubuhi mu muji wa Bukavu, kuanzia Nyawera mpaka garaji za Kadutu na barabara ya Panzi, mashoferi wanageuza ufunguo na gari inawaka. Hakuna anayejiuliza imewaka namna gani. Swali linakuja siku gari inakataa: shoferi anageuza ufunguo, anasikia mlio mmoja mdogo chini ya boneti, kisha kimya. Hapo wanaitwa vijana wa kusukuma, na kwa vile Bukavu ni muji wa vilima, gari inatafutiwa mteremko.

Mtu aliyeupa ufunguo huo kazi yake ni Mmarekani Charles Franklin Kettering. Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876, akafa tarehe 25 Novemba 1958. Demareri aliyobuni, ambayo upande wa Tanzania na Kenya wanaiita stata, iko leo kwenye karibu kila gari, kwenye Fuso zinazopanda kutoka Uvira, kwenye jenereta kubwa, hata kwenye mashini za kukata majani ambazo mtu anaketi juu yake na kuendesha. Lakini mtu huyo huyo ndiye alisimamia kazi ya kutia madini ya risasi mu esansi, na sumu hiyo iliingia katika damu ya watoto wa dunia nzima kwa karibu miaka mia. Mambo yote mawili ni yake.

Kettering alikuwa mtoto wa wakulima, wa ine kati ya watoto watano, kwenye shamba karibu na Loudonville, jimbo la Ohio. Tangu utoto macho yalimsumbua. Akisoma sana, kichwa kinauma. Alifundisha kwanza kwenye shule za vijijini, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ohio State, lakini macho yakamrudisha nyumbani. Wakati huo alifanya kazi na kundi lililosimamisha milingoti na kuvuta waya za simu, na huko ndiko alikojifunza umeme kwa mikono kabla ya kuujua kwa vitabu. Alirudi chuoni, akamaliza mwaka wa 1904, akiwa amekaribia miaka 28. Kwa wanafunzi wa Bukavu ambao wamepoteza miaka kwa vita ao kwa kukosa minervali, umri huo si wa kushangaza.

Mwaka huo huo aliajiriwa Dayton, katika kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashini za kuhesabia pesa dukani. Mashini hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alipewa kazi ya kuweka umeme. Wahandisi wengi waliona shida moja: mota yenye nguvu ya kufungua mashini hiyo ingekuwa kubwa sana kukaa juu ya meza. Kettering aliangalia jambo kwa njia nyingine. Mota ya duka haifanyi kazi siku nzima. Inafanya kazi kwa nukta moja ao mbili muuzaji anapobonyeza, kisha inapumzika. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi chake, mradi iwe kwa muda mfupi sana, kwa sababu haipati wakati wa kuungua. Mwaka wa 1906 mashini ya umeme ilikuwa tayari.

Wazo hilo dogo ndilo liliiwasha gari.

Kabla ya hapo gari iliwashwa kwa manivela. Shoferi alisimama mbele, akaingiza chuma, akazungusha kwa nguvu. Kama injini ililipuka mapema, manivela ilirudi nyuma kwa kasi na kumpiga aliyeishika. Mikono ilivunjika, viganja, hata mataya. Mashoferi walifundishwa kutozungushia kidole gumba kwenye chuma, kusudi manivela ikirudi mkono uweze kuachia. Mzee, mtu mwenye mwili mdogo, mwanamke mwenye nguo ndefu za wakati ule, wote walihitaji mtu wa kuwawashia. Wanaokumbuka malori ya zamani ya Kivu wanaijua kazi hiyo.

Mwaka wa 1909 Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni yao, Dayton Engineering Laboratories Company, ambayo jina lake lilifupishwa kuwa Delco. Walifanyia kazi katika ghala nyuma ya nyumba ya Deeds, usiku na siku za mwisho wa juma, pamoja na wenzao wa kampuni ya kwanza. Mteja wao mkubwa alikuwa Henry Leland, mkubwa wa Cadillac mu muji wa Detroit. Inasimuliwa kwamba Leland aliichukia manivela baada ya rafiki yake Byron Carter, naye mtengenezaji wa magari, kupigwa nayo usoni alipomsaidia mwanamke ambaye gari yake ilizimika, kisha akafa. Wanahistoria wanabishana juu ya tarehe na undani wa habari hiyo. Lakini kwamba manivela ilijeruhi na kuua, hakuna anayebisha.

Leland alitaka gari inayojiwasha. Wengine walikuwa wamejaribu springi na hewa iliyokandamizwa. Kuhusu umeme, wahandisi walisema mota na batri za kutosha zingekuwa na uzito karibu sawa na gari yenyewe. Kettering alirudi kwenye mashini yake ya dukani. Injini haihitaji kusukumwa siku nzima, inahitaji nukta chache tu. Mwezi wa Februari 1911 gari ya Cadillac iliwaka kwa umeme wa Delco, na Cadillac za mwaka wa 1912 ziliuzwa zikiwa nayo. Mota moja ilifanya kazi mbili: iliwasha injini kwa volti 24, kisha injini ikiwaka iligeuka dinamo ya kuchaji batri na kuwasha taa kwa volti 6. Mwanzoni shoferi aliunganisha meno ya mota na injini kwa kukanyaga pedali. Ile solenoidi ya leo, kile kisilinda kidogo kinachokaa mgongoni mwa demareri, ilikuja baadaye. Na jina bendiksi ambalo wafundi wanalitaja kila siku ni la mtu mwingine, Vincent Bendix, Mmarekani pia, ambaye kifaa chake cha kuunganisha meno kilianza kuwekwa kwenye magari miaka michache tu nyuma ya kazi ya Kettering.

Mtu akielewa wazo la Kettering, hitilafu za demareri zinakuwa rahisi kufuata. Kazi ya nukta chache kwa mota ndogo maana yake ni umeme mwingi sana kwa wakati mmoja, ampere zaidi ya mia moja kwa gari ya kawaida. Umeme huo hauwezi kupita kwenye ufunguo, ungeuyeyusha. Ndiyo maana kuna njia mbili. Njia ndogo ni ya waya nyembamba: kutoka batri, kupitia fuzi, kwenda kwa ufunguo, kisha kwa solenoidi. Njia kubwa ni ya kable nene: kutoka batri kwenda solenoidi, kuingia demareri, na kurudi batri kupitia chuma cha injini, ile wafundi wanaita mase. Solenoidi ni mlango kati ya njia hizo mbili. Waya nyembamba inaivuta, nayo inagonganisha shaba mbili nene, na umeme mkubwa unapita. Kwenye gari nyingi mvuto huo huo ndio unasukuma bendiksi mbele.

Sasa sikiliza gari inasema nini. Kimya kabisa, bila mlio wowote, na taa zinawaka vizuri: angalia njia ndogo, yaani fuzi, ufunguo, ao waya nyembamba iliyochomoka. Mlio mmoja mzito na basi: njia ndogo ni nzima, solenoidi imevutwa, lakini umeme mkubwa haupiti vya kutosha. Hapo ni batri dhaifu, vichwa vya batri vilivyoota kutu nyeupe na kijani, mase iliyolegea, shaba za ndani ya solenoidi zilizoungua, ao demareri yenyewe. Milio mingi ya haraka haraka: mara nyingi ni batri iliyoisha ao kichwa cha batri kisichoshika, solenoidi inavuta na kuachia kwa sababu haina nguvu. Demareri inazunguka kwa sauti kali lakini injini haisogei: ni bendiksi, ao meno yaliyolika.

Mwenye multimetre ana nafasi nzuri zaidi. Batri iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12,6. Wakati wa kuwasha, ikishuka chini ya 9,6, batri ndiyo mgonjwa, ao demareri inavuta kupita kiasi. Kisha pima kable: weka ncha moja ya multimetre kwenye kichwa cha batri, nyingine kwenye mwisho wa kable hiyo hiyo, mtu ageuze ufunguo. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, kable ao maungio yake yanakula umeme. Demareri nyingi zinafunguliwa, zinabadilishwa kwa pesa nyingi, na gari inabaki palepale, kumbe shida ilikuwa mase ya bei ya chini.

Mashini ya kukata majani yenye kiti inafuata mpango huo huo, lakini njia yake ndogo ina walinzi zaidi: swichi chini ya kiti, swichi ya pedali ya breki, na swichi ya visu. Kama hakuna mtu kwenye kiti, ao breki haijakanyagwa, ao visu vimeunganishwa, waya nyembamba inabaki bila umeme na mashini inanyamaza. Solenoidi zake zingine zina ncha tatu, zingine ine. Ile ya ine inataka mase yake kwa waya, na waya hiyo ikikatika solenoidi haivuti hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kuna wanaoziunganisha swichi hizo moja kwa moja kusudi mashini iwake haraka. Ni kuondoa kitu kinachozuia visu kumkata mtu aliyeanguka.

Vilevile ile tabia ya kugonganisha ncha mbili za solenoidi kwa turnevisi. Fundi anaifanya kupima, na inasaidia, lakini gari iliyoachwa kwenye gia itaruka mbele na kumponda aliye mbele yake. Manivela ilivunja mikono. Turnevisi inaweza kufanya zaidi. Na hakuna haja ya kushikilia ufunguo kwa muda mrefu. Nukta kumi zinatosha, kisha ngoja. Demareri ilibuniwa kwa deni la muda mfupi, na deni likizidi inaungua.

Cadillac ilipewa tuzo la Dewar la Uingereza kwa ajili ya kazi hiyo, na watengenezaji wengine wakafuata. Ford Model T, gari ya watu wengi, iliipata mwaka wa 1919, na mwanzoni mnunuzi alilipia zaidi. Wanawake wengi walianza kuendesha bila kumtafuta mtu wa kuwasha. Jambo jingine linasahauliwa: wakati ule kulikuwa na magari mengi ya umeme mu miji ya Marekani, yakipendwa kwa sababu hayakuwa na manivela. Demareri ya Kettering ilisaidia kuyaua.

Haikuishia kwenye magari. Mwaka wa 1916 yeye na wenzake walianza kuuza Delco-Light, jenereta ndogo yenye batri za volti 32, kwa ajili ya mashamba ambako waya za umeme hazikufika. Nyumba za wakulima zilipata taa kwa mara ya kwanza. Familia ambayo inakaa siku kadhaa bila umeme wa SNEL itaelewa bila maelezo. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitengenezea pia jeshi la Marekani ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kubeba bomu, iliyojaribiwa mwaka wa 1918. Vita viliisha kabla haijatumiwa. Wanaosikia droni juu ya vichwa vyao leo wajue kwamba wazo hilo lina zaidi ya miaka mia.

General Motors ilichukua kampuni zake, na kuanzia mwaka wa 1920 mpaka 1947 Kettering aliongoza utafiti wote wa kampuni hiyo kubwa. Si kila kitu kilifaulu. Mwaka wa 1923 injini yake iliyopozwa kwa hewa na mapezi ya shaba, badala ya maji, iliwekwa kwenye Chevrolet. Yalitengenezwa magari 759 tu. Yalipata joto kupita kiasi, yakaitwa yote yarudi, na karibu yote yakaharibiwa. Kettering aliumia sana kwa hilo, akataka kuacha kazi.

Afadhali angekuwa na aibu ya namna hiyo juu ya jambo lililofuata.

Injini za wakati ule ziligonga, yaani esansi ililipuka vibaya ndani ya silinda, na hilo lilizuia kutengeneza injini zenye nguvu zaidi. Chini ya uongozi wa Kettering, kijana wake Thomas Midgley alijaribu vitu vingi sana. Tarehe 9 Desemba 1921 walipata kwamba madini ya risasi yaliyotengenezwa kama majimaji, ukitia kidogo tu mu esansi, yanaondoa kugonga. Walijua pia kwamba pombe inafanya kazi hiyo. Walikuwa wameipima wenyewe. Lakini pombe kila mtu anaweza kuitengeneza, na hakuna kampuni inayoweza kuimiliki peke yake.

Kwamba risasi ni sumu lilijulikana tangu zamani za Waroma. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo mwanzoni mwa 1923. Mwezi wa Februari mwaka huo huo esansi mpya ilianza kuuzwa Dayton kwa jina Ethyl. Neno risasi halikuwekwa kwenye jina. Mwaka wa 1924 kampuni ya Ethyl iliundwa na General Motors pamoja na Standard Oil ya New Jersey, na Kettering akawa mkubwa wake wa kwanza. Mwezi wa Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu ambavyo havipo na kupiga kelele. Watano walikufa, wengine kwa makumi wakalazwa. Wengine walikuwa wamekufa kwenye viwanda vingine vya dawa hiyo hiyo, hata pale Dayton.

Serikali ya Marekani iliita mkutano mwezi wa Mei 1925. Kettering alikuwapo, upande wa kutetea dawa. Daktari Alice Hamilton, mtaalamu wa magonjwa ya viwandani, alikuwapo upande wa pili, akionya kuhusu barabara zenye moshi wa risasi. Uuzaji ulisimamishwa kwa muda. Mwezi wa Januari 1926 kamati ya wataalamu ilisema haijaona sababu ya kutosha ya kukataza, ila iliomba utafiti uendelee. Utafiti uliofuata ulilipiwa kwa sehemu kubwa na kampuni zenyewe, na esansi yenye risasi ikaenda dunia nzima.

Leo madaktari wanajua kwamba risasi, hata kidogo, inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kisicho na hatari. Hapa Kivu hatari hiyo haijaisha, kwa sababu batri ya gari ni risasi pia, ile wafundi wanaita plomb. Batri iliyofungwa haimdhuru mtu. Batri iliyovunjwa uani, plomb ikayeyushwa kwenye moto na watoto wanacheza karibu, ni jambo jingine kabisa.

Kettering hakuwa mtu mkatili. Alipenda kufundisha, alihubiri kwamba kushindwa ni sehemu ya kazi, na alitoa mali yake nyingi. Mwaka wa 1945 yeye na Alfred Sloan, mkubwa wa General Motors, waliweka majina yao kwenye taasisi ya utafiti wa kansa ya Sloan-Kettering mu New York. Mwaka uliofuata kansa ilimuua mke wake Olive, aliyemwoa mwaka wa 1905. Lakini yule mtu aliyejua kuuliza mota itafanya kazi kwa muda gani, hakuuliza swali hilo hilo juu ya moshi: utapumuliwa kwa muda gani, na nani.

Alikufa Dayton akiwa na miaka 82, akiwa na hati za uvumbuzi 186. Muji mmoja jirani na Dayton una jina lake, na chuo kikuu mu Flint, jimbo la Michigan, kilipewa jina lake mwaka wa 1998. Inchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na esansi yenye risasi karibu mwaka wa 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha kuiuza kwa magari mwezi wa Julai 2021, miaka 62 na miezi minane baada ya kifo chake.